Jaji Anapoomba Kura Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa sisi tuliokulia Tanzania au Kenya, jaji ni mtu unayemwona gazetini siku anapoapishwa. Habandiki picha ukutani wala hapandi jukwaani kuomba kura. Ukihamia Texas, Ohio au Minnesota na kupata uraia, siku yako ya kwanza ya kupiga kura unamkuta kwenye karatasi, tena si yeye peke yake. Kwa miaka kadhaa nimewakalimania watu wetu mahakamani na kuwasaidia kuisoma karatasi ya kura kabla ya uchaguzi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi, iwe msibani, harusini au nje ya kanisa na msikiti.

Ni kweli Marekani jaji anapigiwa kura kama mbunge?

Inategemea ni jaji wa mahakama ipi. Marekani ina mifumo miwili ya mahakama inayokwenda sambamba. Majaji wa mahakama za shirikisho, pamoja na wale 9 wa Mahakama ya Juu iliyoko Washington, huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Wakishaingia, hukaa hadi wastaafu kwa hiari, wafe, au waondolewe na Bunge. Hao hatuwapigii kura.

Mahakama za majimbo ni habari nyingine. Kila jimbo lina katiba yake, sheria zake na ngazi zake za mahakama hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Katika majimbo 38 kati ya 50, majaji wa mahakama hiyo ya juu hupita kwa wapiga kura kwa namna moja au nyingine. Chini yake wapo wengine wengi wa kaunti na wilaya wanaochaguliwa vilevile.

Majina yasikuchanganye. Kule New York, mahakama inayoitwa "ya Juu" ndiyo ya kuanzia kesi, na iliyo juu kabisa huitwa Mahakama ya Rufaa. Majaji wa ile ya kuanzia huchaguliwa, wa hii ya juu kabisa huteuliwa na gavana.

Na jaji wa uhamiaji, naye huchaguliwa?

Hapana. Anayeuliza swali hili mara nyingi ana kesi yake mwenyewe au ya ndugu yake. Jaji wa uhamiaji ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria ya serikali ya shirikisho, na kura yako haimfikii. Ombi la hifadhi haliendi kwa jaji wa jimbo.

Lakini usizitenganishe mahakama hizi mbili kabisa. Hukumu ya jinai ya mahakama ya jimbo, hata ile ya kukiri kosa "ili yaishe turudi nyumbani", inaweza kukufuata mpaka kwenye faili lako la uhamiaji. Nimeona vijana wakikiri haraka haraka kwa sababu wakili hakuwauliza kama wana uraia. Kabla ya kukiri chochote, mwambie wakili wako wazi una kibali gani.

Basi hawa majaji wa kuchaguliwa wananihusu nini?

Talaka, malezi ya watoto, mirathi, deni la hospitali, ajali ya gari, kijana aliyekamatwa usiku, kufukuzwa nyumba: karibu yote hayo huamuliwa na mahakama za jimbo. Wengi wetu tutaishi Marekani maisha yote bila kuingia mahakama ya shirikisho isipokuwa siku ya kiapo cha uraia.

Nitasimulia kesi moja. Mama mmoja wa kutoka Kivu, anaishi Texas na wanawe wanne, alichelewa kulipa kodi ya nyumba na mwenye nyumba akamfungulia shauri la kumtoa. Mashauri hayo Texas husikilizwa na jaji wa amani, ngazi ya chini kabisa, ambaye huchaguliwa kila miaka 4 akiwa na jina la chama chake. Nilisimama pembeni ya mama yule nikikalimani. Jaji alivaa miwani, akaomba ile notisi ya kuhama, akaisoma tarehe. Kisha akaichukua karatasi ya kufungua shauri, akaziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu mezani na kuanza kuhesabu siku kwa ncha ya kalamu. Mkataba haukusema kitu kuhusu notisi, kwa hiyo sheria ilidai siku 3. Mwenye nyumba alikuwa amefungua shauri siku iliyofuata. Shauri likafutwa. Yote hayo yalichukua dakika zisizozidi kumi.

Tulipotoka nje mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu jaji kaajiriwa na nani?" Nikamjibu, "Na sisi wapiga kura, mama." Nilipokuwa nasema hivyo nikakumbuka kwamba mara mbili nilipiga kura mtaani hapohapo, na mara zote mbili niliporuka sehemu ya majaji nilimruka na yeye. Jaji mwingine asingeziangalia zile tarehe. Tangu siku hiyo sijaacha nafasi ya jaji wazi.

Desturi hii ilianzia wapi?

Mwanzoni majimbo mengi yalikuwa na majaji walioteuliwa na gavana au kuchaguliwa na bunge la jimbo. Wananchi wakachoka kuona viti vinagawiwa kama zawadi kwa marafiki wa wakubwa. Mississippi ikawa ya kwanza kuwapigia kura majaji wake wote, mwaka 1832. New York ikafuata mwaka 1846, na baada ya hapo likawa wimbi.

Watu wengi hudhani lengo lilikuwa kumfanya jaji awe mnyenyekevu kwa umma. Kulikuwa na hoja nyingine pia: mabunge ya majimbo yalikuwa yameingia madeni makubwa ya reli na mifereji, na watetezi wa uchaguzi waliamini kwamba jaji mwenye kura za wananchi nyuma yake ataweza kulikatalia bunge. Walitaka jaji mwenye nguvu, na kura ilikuwa njia ya kumpa nguvu hizo. Hili husahauliwa sana katika mjadala wa leo.

Karne moja baadaye uchaguzi nao ukawa na ugonjwa wake. Kansas City, jimbo la Missouri, ilikuwa mikononi mwa mtandao wa kisiasa wa Tom Pendergast, uliogawa vyeo mpaka vya mahakamani. Mwaka 1940 wapiga kura wa Missouri wakapitisha utaratibu mpya: tume yenye mawakili, raia wa kawaida na jaji inachuja waombaji na kumpelekea gavana majina matatu, gavana anachagua mmoja, na baada ya muda kazini jaji huyo anarudi kwa wananchi waseme abaki au aondoke. Majimbo mengi yameiga, na utaratibu huo mpaka leo unaitwa Mpango wa Missouri.

Majimbo yote yanachagua kwa namna moja?

La, na hapa ndipo mtu aliyehama kutoka jimbo moja kwenda jingine hupotea. Texas, Alabama na North Carolina zinaandika chama cha mgombea kando ya jina lake. Wisconsin, Minnesota na jimbo la Washington haziandiki chama. Unaona jina tu, ingawa vyama husaidia kwa nyuma. Michigan inashangaza: vyama ndivyo vinavyowateua wagombea wa mahakama ya juu kwenye mikutano yao, kisha karatasi ya kura inatoka bila jina la chama. Virginia na South Carolina wananchi hawawapigii kura majaji wa mahakama ya juu. Bunge la jimbo ndilo linalochagua.

Kuna na mlango wa pembeni. Jaji akistaafu au kufariki katikati ya muhula, majimbo mengi humwachia gavana kujaza nafasi. Aliyeteuliwa hufika kwenye uchaguzi unaofuata tayari amekalia kiti. Minnesota huandika kabisa kwenye karatasi ya kura kwamba huyu ndiye jaji aliyeko, na mara nyingi hana mpinzani.

Texas, kama Oklahoma, ina mahakama za juu mbili. Moja, yenye majaji 9, inashughulikia madai. Nyingine, yenye 9 pia, inashughulikia jinai. Ukipiga kura huko usidhani umeona jina la mahakama moja mara mbili kwa makosa ya uchapaji.

Nimekuta swali "abaki au asibaki", ndiyo au hapana. Mpinzani wake yuko wapi?

Hayupo. Hiyo ni kura ya kubakizwa kazini, kipande cha mwisho cha Mpango wa Missouri. Jaji anashindana na rekodi yake mwenyewe. Mahali pengi akipata zaidi ya nusu anabaki. Illinois inadai asilimia 60. Akikataliwa, kiti kinajazwa upya.

Kwa kawaida hubaki, lakini yapo mawimbi yaliyowang'oa. California mwaka 1986 ilimwondoa jaji mkuu wake, Rose Bird, pamoja na wenzake wawili, Cruz Reynoso na Joseph Grodin. Bird alikuwa amepiga kura kutengua kila hukumu ya kifo iliyofika mbele yake. Iowa mwaka 2010 iliwaondoa majaji watatu kwa mpigo, mwaka mmoja baada ya mahakama yao kuamua kwa kauli moja kwamba jimbo haliwezi kuwanyima watu wa jinsia moja ndoa ya kiserikali. Kabla ya hapo, tangu utaratibu huo uanze Iowa mwaka 1962, hakuna jaji wa mahakama ya juu aliyekuwa amewahi kukataliwa.

Usimame upande wowote katika mambo hayo, jiulize jaji wa Iowa aliyefuata alihisi nini alipofungua faili lenye suala linalowagawa watu. Mimi hilo hunisumbua kuliko matokeo yenyewe.

Wanakaa muda gani?

Inatofautiana. Mahakama ya juu ya Texas na ya Ohio ni miaka 6, Wisconsin na Pennsylvania 10, West Virginia 12. Rhode Island haina uchaguzi wa majaji, na wa mahakama yake ya juu hukaa maisha yao yote.

Ni lazima jaji awe mwanasheria?

Ngazi za juu, ndiyo, tena mwenye uzoefu. Texas tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2021 inamtaka jaji wa wilaya awe na miaka 8 ya uwakili au ujaji. Ila yule jaji wa amani niliyemtaja, Texas, halazimiki kusomea sheria. Ndivyo ilivyo pia kwa mahakama nyingi za miji midogo ya New York. Anapewa mafunzo baada ya kuchaguliwa. Ndiyo maana kwenye ngazi hizo unapaswa kumchunguza mtu mwenyewe zaidi.

Pesa za kampeni zinatoka wapi? Si jaji atakuwa na deni la fadhila?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Wachangiaji wakubwa wa kampeni za majaji ni mawakili, makampuni, vyama vya wafanyakazi na makundi ya kisiasa, yaani hasa wale wenye kesi mahakamani au wanaotarajia kuwa nazo.

Kesi inayolionyesha hili waziwazi ni ya Hugh Caperton, mwenye mgodi mdogo wa makaa ya mawe. Aliishitaki kampuni kubwa ya Massey katika jimbo la West Virginia akidai imemfilisi kwa hila, na mwaka 2002 jopo la raia likampa fidia ya dola milioni 50. Kampuni ikajiandaa kukata rufani. Kabla rufani haijafika, mwaka 2004 ukaja uchaguzi wa mahakama ya juu ya jimbo, na Don Blankenship, bosi wa Massey, akatumia takribani dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja, Brent Benjamin, kumng'oa jaji aliyekuwepo. Benjamin akashinda. Rufani ilipofika aliombwa ajitoe kwenye shauri, akakataa, na kwa kura 3 dhidi ya 2, yake ikiwemo, ile fidia ikafutwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa 5 dhidi ya 4, kwamba alipaswa kujitoa: hatari ya upendeleo ilikuwa kubwa mno kuvumilika kikatiba. Shauri lilirudishwa West Virginia, likasikilizwa bila Benjamin, na Caperton akashindwa tena. Alishinda hoja, ila fedha yake hakuipata.

Tangu hapo viwango vimepaa. Uchaguzi wa jaji mmoja tu wa Wisconsin, Aprili 2025, ulikula takribani dola milioni 100. Elon Musk na makundi yanayohusiana naye walitoa zaidi ya milioni 20 kumuunga mkono Brad Schimel, naye Susan Crawford alikuwa na matajiri wake upande wa pili. Crawford alishinda kwa asilimia 55 hivi. Kilichokuwa kikigombewa ni wingi wa mahakama yenye majaji 7, huku masuala ya utoaji mimba na mipaka ya majimbo ya uchaguzi yakisubiri. Safari hii mwenye pesa nyingi zaidi alishindwa, lakini hilo halinitulizi. Siku moja mtu wa kawaida atasimama mbele ya mahakama iliyogombewa kwa mamilioni hayo, na atakuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyelipia kiti kile.

Mgombea ujaji anaruhusiwa kuahidi nini?

Anaruhusiwa kusema msimamo wake. Minnesota ilikuwa ikikataza, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema katazo hilo linavunja uhuru wa kusema. Asichoruhusiwa ni kuahidi ataamuaje kesi fulani. Kuhusu pesa, mwaka 2015 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba jimbo linaweza kumkataza mgombea kuomba michango kwa mkono wake mwenyewe. Kesi ilitoka Florida, ya mgombea aliyesaini barua ya kuomba mchango. Kamati ya kampeni inaweza kuomba kwa niaba yake. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini naiona ina maana: wakili anayeombwa mchango uso kwa uso na jaji atakayemsikiliza kesho hawezi kukataa kwa amani.

Kura yangu moja inabadilisha nini?

Muulize Allison Riggs. Novemba 2024 aligombea kubaki mahakama ya juu ya North Carolina dhidi ya Jefferson Griffin. Zilipigwa kura zaidi ya milioni 5.5, naye akashinda kwa kura 734. Griffin akapinga uhalali wa kura zaidi ya 60,000, na mabishano yakaendelea miezi sita mpaka alipokubali matokeo Mei 2025. Mia saba na thelathini na nne ni watu wa harusi moja kubwa ya kwetu.

Tena kura ya jaji ina uzito zaidi kuliko ya Rais kwa sababu watu wengi hawafiki mwisho wa karatasi. Wanachagua Rais, seneta, gavana, kisha wanatoka.

Jaji niliyemchagua akiharibu je?

Subiri muhula uishe umnyime kura, au peleka malalamiko kwenye tume ya nidhamu ya majaji, ambayo kila jimbo linayo. Baadhi ya majimbo huruhusu pia kumrudisha nyumbani kabla ya muda. Juni 2018 wapiga kura wa kaunti ya Santa Clara, California, walimwondoa hivyo Aaron Persky, aliyempa kifungo cha miezi 6 mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepatikana na hatia ya kumshambulia kingono msichana aliyepoteza fahamu. Alikuwa jaji wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo California tangu 1932.

Kumbuka jambo moja: kutofurahishwa na hukumu si kosa la nidhamu. Hukumu hukatiwa rufani.

Watu weusi wamefaidika na uchaguzi huu au wameumia?

Yote mawili. Louisiana ilipanga eneo la uchaguzi la mahakama yake ya juu kwa namna iliyozimeza kura za weusi wa New Orleans. Waliposhitaki, mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Chisom, kwamba Sheria ya Haki ya Kupiga Kura inawahusu na majaji. Kutokana na mapambano hayo Bernette Johnson alifika kwenye mahakama hiyo, na mwaka 2013 akawa jaji mkuu wa kwanza mweusi wa Louisiana. Na kaunti ya Harris, ndiko Houston, mwaka 2018 wanawake weusi 17 walichaguliwa majaji kwa siku moja. Kukaa mahakamani na kumwona aliyekaa kiti cha juu anafanana na shangazi yako hakuamui kesi, lakini nimeona jinsi kunavyomwezesha mtu mwenye woga kufungua mdomo.

Wewe unaona mfumo upi bora, wa huku au wa nyumbani?

Tanzania, Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na mwananchi husikia jina likitangazwa. Kenya baada ya Katiba ya 2010 ilifungua dirisha: nafasi hutangazwa, waombaji huhojiwa hadharani, na tuliwatazama Willy Mutunga mwaka 2011 na Martha Koome mwaka 2021 wakijibu maswali kwenye televisheni kabla hawajawa majaji wakuu. Hata hivyo Rais Uhuru Kenyatta aliwakataa baadhi ya majaji waliopendekezwa na tume. Aliwaapisha 34 Juni 2021, na 6 waliobaki waliapishwa Septemba 2022 chini ya Rais mwingine. Uteuzi nao una mikono ya wakubwa.

Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Marekani, aliwahi kuchaguliwa kwa kura kuwa jaji huko Arizona mwaka 1974, na baada ya kustaafu alizunguka nchi akiomba majimbo yaache kuwachagua majaji. Mimi nikilazimishwa nitachukua mahojiano ya hadharani ya Kenya, kisha kura ya kubakizwa ya Missouri. Lakini maadamu jimbo ninaloishi linachagua, nitachagua.

Nina kadi ya kijani. Naweza kumpigia kura jaji?

Hapana, hapana, hapana. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi au mwenye viza hapigi kura hii. Kupiga kura, au kujiandikisha ukitamka kwamba wewe ni raia, kunaweza kukunyima uraia milele na hata kukurudisha ulikotoka, hata kama ulidhani inaruhusiwa. Hatari huanzia kwenye ofisi za leseni ya udereva, ambako fomu huwa na kisanduku cha kuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Usikitie alama, na usisaini usichokielewa.

Majina siyajui hata moja. Nianzie wapi?

Wiki mbili kabla, ingia tovuti ya uchaguzi ya kaunti yako uchukue karatasi ya mfano. Zungushia duara kila jaji. Tazama ni mahakama ya nini, maana wa familia na wa jinai hawafanyi kazi moja. Vyama vya mawakili katika miji mikubwa huwauliza wanachama wao wanawaonaje majaji na kuchapisha majibu, someni hayo. Na mlango wa mahakama uko wazi: ukiwa na asubuhi moja ya mapumziko, nenda ukae benchi la nyuma uone jaji anavyozungumza na mtu asiye na wakili. Hilo limenifundisha zaidi ya matangazo yote.

Andika majina unayoyataka kwenye kikaratasi. Texas hairuhusu kutumia simu chumba cha kupigia kura, lakini kikaratasi chako unaingia nacho. Kama Kiingereza kinakupiga chenga au macho hayaoni vizuri, sheria ya shirikisho inakuruhusu kuingia na mtu wa kukusaidia, awe mwanao, jirani au rafiki. Wasioruhusiwa ni mwajiri wako au wakala wake, na kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi.